Kinyonga wangu kwa macho ni kijani, kwenye picha anatoka mweusi. Tatizo ni simu au ni mnyama?

#1 Mwana wa Shangani
Wakuu, salaam. Nipo Mtwara mjini, Shangani. Nyumbani kuna kinyonga, yule wa kawaida wa ukanda wetu mwenye vibamba viwili vya ngozi nyuma ya kichwa. Anakaa kwenye mpera na uzio wa michongoma. Sijamfungia wala kumfunga kamba, ila kazoea. Nikimnyooshea panzi anamla mkononi. Watoto wamempa jina Taratibu.

Nataka nimpige picha ya kutundika sebuleni, picha ya maana, ngozi ionekane punje kwa punje. Hapo ndipo ninapokwama. Kwa macho Taratibu ni kijani kibichi na ubavuni ana mstari mweupe. Nikiangalia picha naona kitu cha kahawia kinachoelekea weusi, na mstari haupo. Wanaoiona wananiuliza kama ni kinyonga mwingine.

Vifaa: simu ya bei ya chini yenye kamera kuu na kile kijikamera cha makro cha megapikseli 2, Canon 1100D ya mtumba na lenzi yake ya 18-55, na lenzi ya kibanio ya kubandika kwenye simu. Napiga nikirudi kula mchana, kama saa saba hivi. Tawi analolipenda liko mbele ya ukuta uliopakwa chokaa. Simu na kamera zote zinamtoa mweusi, kamera afadhali kidogo.

Ni vifaa vyangu au ni mnyama mwenyewe? Nawasilisha.

#2 Kipepeo wa Chuno
Nimevuta kiti. Waje wataalamu. Na wewe mkuu tupia picha basi, uzi wa picha hauna picha!

#3 Fundi wa Ligula
Jibu umelitaja mwenyewe: ukuta wa chokaa.

Kamera haijui unapiga nini. Inapima mwanga wa fremu nzima. Ikiona weupe mwingi inadhani mwanga umezidi, inapunguza. Ukuta unatoka kijivu, na kinyonga anayefunika sehemu ndogo ya fremu anatoka mweusi. Tunaopiga harusi tunalijua hili: bibi harusi akijaza fremu na gauni lake jeupe, sura zinatoka giza.

Kwenye simu, gusa mwili wa kinyonga kwenye kioo, shikilia kidole mpaka fokasi ijifunge, halafu vuta kale kajua kapande juu. Usijali ukuta ukiungua mweupe kwenye picha, si ukuta unaoutundika. Kwenye 1100D weka P, shikilia kitufe cha Av huku ukizungusha gurudumu mpaka +1, ukiona bado nenda +1 na theluthi mbili.

Jambo la pili. Huu ni Julai, na huku kwetu jua la mchana mwezi huu linakaa upande wa kaskazini. Ukuta wako unatazama wapi? Kama ukuta unapigwa jua na tawi liko kivulini chini ya mpera, hapo hata kamera ya mamilioni itakupa kivuli chenye mkia.

#4 Mama Nuru, Mikindani
Fundi, la ukuta ni kweli, lakini umemsahau mnyama.

Nimeishi na vinyonga kwenye mlimau wangu tangu wanangu wadogo. Kinyonga hageuki rangi kufuata kanga uliyomwekea nyuma, hiyo ni hadithi ya shuleni. Anageuka kwa joto, kwa mwanga na kwa hali yake ya moyo. Akitulia ni kijani. Ukimsogelea uso kwa uso na kitu cheusi chenye jicho la kioo, kwanza anazunguka nyuma ya kijiti na kujibanza upande wa pili. Ukimfuata, anajibapa, anatoka madoa, anakolea. Ukizidi anavimba koo na kuachama, na hapo ujue umeshamtesa.

Sasa Mwana wa Shangani, wewe unamwona kijani ukiwa hatua kadhaa mbali. Unaingia ndani kuchukua simu, unarudi unamwekea sentimita kumi usoni. Picha imesema kweli: ulipobonyeza alikuwa mweusi. Ila wewe wakati huo ulikuwa unatazama kioo cha simu, hukumtazama yeye.

#5 Kipepeo wa Chuno
Mama Nuru kamaliza. Funga uzi.

#6 Fundi wa Ligula
Haufungwi. Kama ni hofu, kwa nini kamera ni afadhali kuliko simu? Kamera ndiyo kubwa na ina kelele ya shata.

#7 Mama Nuru, Mikindani
Kwa sababu kamera anaipiga kwa mbali. Hiyo 18-55 haishiki fokasi chini ya sentimita 25. Simu yenye lenzi ya kibanio anaisogeza mpaka karibu imguse pua.

#8 Mzee wa Rondo
Vijana, naona mnabishana kwa adabu, vizuri. Sisi tuliokulia Rondo tuliambiwa kinyonga haingii nyumbani. Ndiye aliyetumwa kuwaletea watu habari ya uzima, akaenda kwa mwendo wake ule, mjusi akamtangulia na habari ya kifo. Kwa hiyo wengi walimpiga mawe. Mimi sikuwahi kumpiga. Lakini picha yake sebuleni, mbele ya wageni, tafakari kwanza kijana.

#9 Binti Nangurukuru
Shikamoo mzee. Hadithi hiyo bibi yangu Kilwa alikuwa nayo, na inasimuliwa na watu wa makabila mengi mpaka kusini kabisa mwa Afrika. Linaloniuma ni kwamba mpaka leo watoto wanawaponda barabarani kwa sababu hiyo. Kinyonga hana sumu. Mate yake hayapofushi mtu. Anakula panzi na nzi, basi. Mimi nasema picha itundikwe, tena kubwa, watoto wa mtaa waione.

#10 Mzee wa Rondo
Marahaba binti yangu. Umesema.

#11 Wakili wa Mtama
Kabla hamjaenda mbali. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 inataka kibali kwa mtu anayekamata au kumiliki mnyamapori. Kinyonga wa aina hii yumo pia kwenye Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea ya porini, na mwaka 2016 nchi ilisimamisha kusafirisha wanyamapori hai nje. Aliye huru kwenye mpera wako ni habari moja, aliye kwenye boksi sebuleni ni habari nyingine. Wasomaji wengine wasije wakachukua uzi huu kuwa ruhusa. Ukitaka kufuga, anza ofisi ya maliasili ya wilaya.

#12 Mwana wa Shangani
Shukrani wote. Wakili, hana boksi wala hatakuwa nalo, akitaka kuhamia kwa jirani njia nyeupe.

Fundi, ukuta unatazama kaskazini, na ndiyo, saa saba unawaka jua lote. Tawi liko nusu kivulini. Nitajaribu hilo la kuvuta kajua. Mama Nuru, kujibanza nyuma ya kijiti ndiyo tabia yake hasa, nilidhani ananichezea.

#13 Deki Imekufa
Mimi nina dawa ya ukaribu. Achana na lenzi za kibanio, nyingi zinavuta rangi pembeni. Nenda kwa fundi redio, mwombe deki ya DVD iliyokufa. Ndani, kwenye kile kichwa kinachosoma sidii, kuna kilenzi kidogo sana. Kitoe kwa koleo jembamba usikiguse kioo, kipachike kwenye pini ya nywele, bandika pini nyuma ya simu kwa selotepu kilenzi kikae katikati ya kamera kuu. Utaona nyuzi za shuka. Utaona punje za ngozi moja moja, na ngozi ya kope ilivyofunika jicho ikaacha kitundu tu cha mboni. Usitumie kile kijikamera cha makro cha megapikseli 2, hicho ni pambo.

#14 Mama Nuru, Mikindani
Kilenzi cha deki kinashika fokasi kwenye kama sentimita moja. Sentimita moja kutoka kwenye jicho la kinyonga! Halafu tutashangaa kwa nini mweusi.

#15 Deki Imekufa
Basi apige ngozi aliyojichuna mwenyewe mama. Kinyonga anavua ngozi vipande vipande, vinabaki kwenye majani. Ukiipata, ibandike kwenye kioo cha dirisha mwanga upite nyuma yake. Kila punje inaonekana na hakuna anayeteseka. Rangi haitakuwepo lakini, hilo nakubali.

#16 Mama Nuru, Mikindani
Hapo sasa tumeelewana.

#17 Mkulima wa Newala
Nyote mnazungumzia kamera. Mimi nauliza: jirani zako wana mikorosho? Msimu huu ni wa kupuliza salfa kuzuia ubwiri unga, ule ugonjwa wa mikorosho. Upepo unabeba vumbi mpaka kwenye nyumba za watu. Wadudu wanapungua kwenye mashamba yaliyopulizwa, nasema kwa kuona. Kinyonga mwenye njaa au aliyepata vumbi anaweza kukolea rangi kutwa nzima. Mwangalie macho, yakizama ndani ni dalili mbaya.

#18 Mwana wa Shangani
Hapa Shangani ni ufukweni, mikorosho iko mbali. Na panzi anakula. Macho yametokeza vizuri, moja linanitazama, jingine linatazama inzi.

#19 Mkulima wa Newala
Sawa, kwako haipo. Kwa wa Tandahimba na Newala mlionisoma, lizingatieni.

#20 Fizikia ya Mtaani
Kuna jambo hamjaligusa. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Geneva walionyesha kinyonga wa Madagaska anavyobadili rangi. Si wino unaosambaa tu. Chini ya ngozi kuna seli zenye fuwele ndogo mno za guanini. Akitulia fuwele zinakaribiana, zinarudisha mwanga wa buluu, ukichanganyika na manjano ya ngozi unapata kijani. Akisisimka zinaachana, rangi inaelekea manjano na nyekundu. Na kuna tabaka la pili, la ndani zaidi, linalorudisha miale ya infraredi iliyo jirani na mwanga tunaouona.

Macho yetu hayaoni infraredi. Kamera za bei ya chini zinaiona kidogo kwa sababu kichujio chake ni hafifu. Chukua rimoti ya tivi, ielekeze kwenye kamera ya simu, bonyeza: utaona kitaa kikimeta. Kwa hiyo simu inapokea kutoka kwenye ngozi ya kinyonga mwanga ambao wewe huupokei, na rangi inavurugika kuelekea kahawia.

#21 Kipepeo wa Chuno
Nimejaribu na rimoti. Kinawaka kweli! Mambo gani haya.

#22 Fundi wa Ligula
Kipepeo, umejaribu kamera ya mbele au ya nyuma?

#23 Kipepeo wa Chuno
Ya mbele.

#24 Fundi wa Ligula
Jaribu ya nyuma.

#25 Kipepeo wa Chuno
Ya nyuma haionyeshi kitu.

#26 Fundi wa Ligula
Ndiyo hivyo. Simu nyingi, kamera kuu ina kichujio kizuri, ya mbele ndiyo dhaifu. Na Fizikia, majani mabichi nayo yanarudisha infraredi kwa wingi kuliko karibu kitu chochote bustanini. Kama simu ingekuwa inavurugwa na infraredi, majani ya mpera yangetoka kahawia pia. Mwana wa Shangani, majani yanatokaje?

#27 Mwana wa Shangani
Majani yanatoka kijani cheusi kidogo, lakini kijani.

#28 Fizikia ya Mtaani
Kijani cheusi si kijani alichokiona. Sijashawishika. Simu yake si simu ya Kipepeo, apime yake kwa rimoti.

#29 Bandari Salama
Samahani, niulize la kijinga: picha unaziangalia wapi? Kama unaziangalia pale pale nje saa saba, kioo cha simu kinazidiwa na jua na kila picha inaonekana giza. Ingia ndani, pandisha mwanga wa kioo, linganisha tena. Au itume kwenye kompyuta.

#30 Fundi wa Ligula
Hilo si la kijinga hata kidogo, limewafukuza wateja wengi.

#31 Mwana wa Shangani
Naziangalia ndani na nje. Nje ni mbaya zaidi, ndani bado ni kahawia.

#32 Mwalimu wa Nachingwea
Naongeza la kwangu kwa aliyoandika Mama Nuru #4. Wakati wa baridi kinyonga anaota jua kwa upande. Ubavu unaotazama jua anaufanya mweusi ili uvute joto, ubavu wa pili unabaki mpauko au kijani. Mnyama mmoja, rangi mbili kwa wakati mmoja. Nimewaonyesha wanafunzi, hawakuamini mpaka walipozunguka mti. Mwana wa Shangani anaweza kuwa anamwona kijani kutoka barazani, upande wa kivuli, kisha anazunguka kumpiga upande wa jua kwa sababu mpiga picha anatafuta mwanga.

#33 Mama Nuru, Mikindani
Mwalimu, hilo nalijua, lakini ni la saa moja, saa mbili asubuhi. Saa saba ameshapata joto lake, akizidiwa anapauka, wala hawi mweusi.

#34 Mwalimu wa Nachingwea
Huko pwani, sawa. Huku juu Julai kuna siku mawingu yanakaa mpaka mchana na upepo ni wa baridi. Inategemea siku.

#35 Jembe na Lenzi
Naulizia ulimi. Nani kawahi kupiga picha ulimi ukitoka? Nasikia unafika mara tatu ya mwili wake.

#36 Fizikia ya Mtaani
Si mara tatu. Kwa vinyonga wengi ni kama mara mbili ya mwili bila mkia. Aliyepimwa kuwa na nguvu kubwa kuliko wote ni kadogo ka Tanzania hii hii, ka milima ya Usambara, Rhampholeon spinosus: utafiti wa 2016 ulimpata ulimi wa mara mbili na nusu ya mwili, na mchapuko wa mara 264 ya mvutano wa dunia. Vidogo ndivyo vikali.

Kuhusu picha: ulimi unaweza kumfikia mdudu kwa sekunde 0.07. Video ya kawaida ya fremu 30 kwa sekunde itakupa fremu mbili tu, zote zenye ukungu. Simu yenye mwendo wa polepole wa fremu 240 itakupa kama 17. Kwa picha ya mnato weka spidi ya shata 1/1000 kwenda juu, jua la kutosha, na upige mfululizo kuanzia macho yote mawili yanapoelekea mbele. Macho yakikutana kwa mdudu mmoja, ulimi uko njiani.

#37 Jembe na Lenzi
Asante sana. Macho yakikutana, nimeshika.

#38 Bandari Salama
Watu wa Lindi na mijusi! Mlikuwa na mkubwa kuliko wote, Wajerumani wakaenda naye, sasa mnahangaika na kinyonga wa kwenye mpera 😂

#39 Mtanda Juu
Bandari, huyo si mjusi, ni dinosaria, na tunamdai. Alichimbwa Tendaguru mwaka 1907 akapelekwa Berlin.

#40 Mwalimu wa Nachingwea
Mtanda, tunyooshe. Mifupa ilionekana 1906, mtaalamu wa kwanza alifika kuitazama 1907, lakini uchimbaji mkubwa wa makumbusho ya Berlin ulikuwa 1909 hadi 1913. Msimamizi wa kazi pale shimoni alikuwa mwenzetu, Boheti bin Amrani, na mifupa ilibebwa na wapagazi kwa miguu mpaka bandari ya Lindi. Yule aliyesimamishwa Berlin ana urefu wa zaidi ya mita 13 kwenda juu, na ameunganishwa kwa mifupa ya zaidi ya mnyama mmoja. Watoto wetu wanapaswa kulijua jina la Boheti kama wanavyojua Tendaguru.

#41 Mzee wa Rondo
Mwalimu asante kwa kumtaja.

#42 Binti Nangurukuru
Turudi kwa Taratibu jamani. Mimi nauliza usiku. Kwangu usiku nikimulika tochi kwenye michongoma namwona mara moja, mweupe mweupe, amejikunja mkia. Je, usiku si ndiyo wakati mzuri? Hatembei, hajibanzi.

#43 Mama Nuru, Mikindani
Usiku kinyonga analala na ngozi inapauka, ndiyo maana tochi inampata upesi. Picha moja ya haraka ukiwa mbali sioni ubaya. Kumwamsha kwa flashi mara kwa mara sikubali. Na rangi utakayopata si ile anayoitafuta mwenye uzi.

#44 Deki Imekufa
Usiku kuna mchezo mwingine. Ile tochi ya kukagulia noti bandia, ya miale ya urujuanimno. Mwaka 2018 watafiti wa Ujerumani walitoa picha za vinyonga wa Madagaska, mifupa ya kichwa inang'aa buluu kupitia ngozi. Nataka nimjaribu wa hapa Lindi.

#45 Mama Nuru, Mikindani
Usimmulike machoni. Tafadhali.

#46 Deki Imekufa
Nitampiga kwa nyuma ya kichwa, sekunde chache tu, nimekusikia mama.

#47 Kipepeo wa Chuno
Na mimi nilimpiga wangu barazani chini ya taa, picha zikatoka na mistari mistari ya giza. Kamera imekufa?

#48 Fundi wa Ligula
Haijafa. Ni taa ya LED ya bei ya chini. Umeme wetu ni hezi 50, taa hizo zinawaka na kufifia mara 100 kwa sekunde. Fungua sehemu ya Pro kwenye kamera ya simu, weka shata 1/100 au 1/50, mistari itaondoka. Lakini kinyonga anayumba anapotembea, kwa 1/50 atatoka na ukungu. Kwa hiyo mchana ni bora. Kama jua kali, mwombe mtu ashike kanga nyeupe au mfuko mweupe wa plastiki juu ya tawi, mwanga ulainike. Upande wa chini weka kipande cha karatasi ya manila nyeupe kirudishe mwanga tumboni.

#49 Jembe na Lenzi
Kuna anayetumia ile mirija ya kuongezea lenzi? Nimeona inauzwa, haina kioo ndani.

#50 Fundi wa Ligula
Inafaa, lakini kagua kama ina vile vishaba vya umeme. Isiyo navyo, tundu la lenzi ya Canon linabaki wazi kabisa, jicho likiwa kwenye fokasi pua imeshapotea. Kwa mnyama kama huyu unataka tundu lililobanwa, f/8 hivi. Na kwa hewa yetu ya chumvi na unyevu, lenzi ya mtumba imulike tochi kabla hujalipa, ukiona nyuzi nyuzi kama buibui ndani hiyo ni kuvu, achana nayo. Nyumbani iweke kwenye ndoo yenye mfuniko pamoja na zile pakiti ndogo za kwenye maboksi ya viatu.

#51 Mwana wa Shangani
Narudi na majibu, vumilieni urefu.

Nimefanya aliyosema Fundi. Nimegusa mwili, nimevuta kajua juu. Ukuta umeungua mweupe, na Taratibu katoka na mwanga: mstari wa ubavuni umeonekana kwa mara ya kwanza. Halafu nimebana sahani nyeupe ya plastiki kwenye tawi kando yake niwe na kitu cha kulinganisha. Sahani imetoka na ukijani kidogo, mwanga uliochujwa na majani ya mpera bila shaka. Nimeweka waiti balansi (ile ya kusawazisha rangi ya mwanga) ya kivuli, ukijani ukapungua kwenye sahani, lakini yeye akawa kahawia zaidi, si kijani zaidi!

Kwa rimoti: kamera yangu ya nyuma inaonyesha kitaa, hafifu, cha zambarau.

Na ubavu: nilizunguka mpera. Upande wa kivuli alikuwa amepauka kuliko wa jua, ingawa ilikuwa mchana. Kulikuwa na mawingu asubuhi.

#52 Fizikia ya Mtaani
Kitaa kinaonekana! Nilisema.

#53 Fundi wa Ligula
Hafifu. Na mstari umerudi kwa kuvuta kajua tu. Ukuta.

#54 Mwalimu wa Nachingwea
Mawingu asubuhi, kapauka upande wa kivuli. Hamuoni?

#55 Mama Nuru, Mikindani
Wote mmepata chenu. Mimi nataka jaribio moja ambalo mtu hayupo. Bandika simu kwenye stuli asubuhi, kama mita moja kutoka kwenye tawi, iache azoee. Chomeka spika za masikioni zile za waya. Kitufe cha kuongeza sauti kinapiga picha kwenye simu nyingi. Kama waya ni mfupi, washa video, nenda kakae barazani. Umrekodi akiwa peke yake, kisha umsogelee polepole huku video inaendelea. Kama ni hofu, tutamwona akigeuka mbele ya kamera ile ile, mwanga ule ule, ukuta ule ule.

#56 Bandari Salama
Hilo ni jaribio la haki. Fundi unalipinga?

#57 Fundi wa Ligula
Silipingi, mradi afunge mwanga na fokasi kabla ya kuondoka. Asipofunga, yeye akiingia kwenye fremu na shati jeupe simu itapunguza mwanga yenyewe na mama atasema kinyonga kaogopa.

#58 Mama Nuru, Mikindani
Avae kaniki basi.

#59 Upepo wa Msimbati
Jamani, mimi ni mgeni kwenye uzi, nimeusoma wote. Kwangu ni kinyume kabisa. Kinyonga wangu kwa macho ni wa majani makavu, manjano na kahawia, simu inamtoa kijani kinachong'aa ambacho hajawahi kuwa nacho. Ukuta wangu ni wa matofali ya udongo, siyo chokaa. Simu ni mpya, ina ile programu inayotambua "mimea" na kuandika jina pembeni. Huenda inamdhani ni jani ikamkoleza?

#60 Fundi wa Ligula
Karibu. Zima hiyo ya kutambua, piga tena kutoka pale pale, weka sahani nyeupe kando yake. Tuletee zote mbili. Mwana wa Shangani, na wewe angalia kama yako ipo, iko kwenye mipangilio ya kamera.

#61 Mwana wa Shangani
Ipo, na ilikuwa imewashwa. Nimeizima sasa hivi. Video ya Mama Nuru nairekodi Jumamosi asubuhi mawingu yakiruhusu, nikiwa na kaniki.